Bochorno la Bibi Eulalia

Fairuz, binti wa kaka yangu Mahfudh, alichoma udi ndani ya chumba kilichofungwa, akaniacha nibebe kosa lake mbele ya watu, halafu akaenda kumwambia mgonjwa wangu kwamba nimemkimbia. Ubaya niliotendewa ni huo. Sikupigwa, sikunyimwa chakula, sikufungiwa ndani kama wengine tunaowasikia hapa Dubai. Ndiyo maana watu nikiwasimulia huniuliza, "Basi hilo tu?" Nitalieleza toka mwanzo, waseme wenyewe kama ni hilo tu.

Naitwa Rumaisa. Nimezaliwa Kuze, Mombasa, na sasa nina miaka arobaini na tisa. Shule sikuingia. Nilisoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu, na herufi za kizungu nilijifundisha mwenyewe kwa karatasi za magazeti zilizokuwa zikifungiwa sukari dukani kwa Mahfudh. Dubai huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, na minne kati ya hiyo nilikaa Al Garhoud, ghorofa ya nne, kwa watu wa Meksiko. Sir alikuwa fundi wa ndege. Mkewe, Madam Maribel, alikuwa na kazi ya ofisi katika hoteli. Mimi kazi yangu ilikuwa mama yake madam, Bibi Eulalia, aliyeletwa kutoka mji wao wa pwani unaoitwa Veracruz baada ya kupooza upande wa kulia.

Siku ya kwanza tulitazamana kama kuku wageni. Yeye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, changu cha kuambiwa panguza hapa. Kihispania sikukijua hata salamu. Tukaanza kwa vidole, tukaenda kwa macho, na baada ya miezi tukawa na lugha yetu wenyewe ambayo madam alikuwa akisimama mlangoni kuisikiliza akicheka.

Neno la kwanza alilonifundisha lilikuwa bochorno. Ilikuwa mwezi wa nane, asubuhi, na anayeijua Dubai anaujua mwezi wa nane. Ndani eisi, mashine ya kupoza hewa, inanguruma, nje kioo cha dirisha kimejaa maji kama kimetoka kuoshwa. Bibi aliniomba nimsogeze dirishani. Akaweka kiganja chake kizima kwenye kioo, akakiondoa haraka, akavuta ukosi wa gauni lake mara mbili tatu kama mtu anayetafuta hewa. "Bochorno," akasema. Nikaelewa bila kufasiriwa. Ni fukuto. Si jua kali, maana jua kali unaweza kulikimbia ukaingia kivulini. Ni ile hewa nzito iliyosimama, yenye maji ndani yake, inayokufuata mpaka kivulini ikakaa nawe.

La pili alinifundisha mwaka uliofuata. Nilikuwa napiga pasi, eisi imewekwa kumi na nane, mara nikahisi moto unanipanda kutoka kifuani mpaka kwenye mizizi ya nywele. Jasho likanitiririka. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akaniona, akapiga goti lake kwa mkono mzima.

"Bochorno! Umefika, binti yangu, umefika!"

"Nimefika wapi, Bibi?"

Akanionyesha kwa vidole: miaka mingapi? Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akakohoa. Aliniambia kwamba kwao lile joto la wanawake wa umri wetu, hedhi inapoaga, linaitwa jina hilohilo. Yeye lilipomjia, mumewe alilala sebuleni miaka mitatu. "Alisema kulala na mimi ni kulala na jiko." Akatoa kipepeo chake cha mkono, kile cha mbao chenye maua, akaanza kunipepea mimi, mgonjwa akimpepea mlezi. Nikamwambia aache. Hakuacha.

La tatu halikuwa la kucheka. Asubuhi moja nilimkuta amejilowesha kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza. Alijifunika uso kwa mkono wa kushoto, akasema neno lake kwa sauti ya chini. Mimi nikadhani ana joto, nikaongeza baridi. Akatikisa kichwa. Akanishika mkono, akauweka shavuni pake, na shavu lilikuwa linachoma. Hapo nikajua kwamba kwa hao watu fukuto la angani na fedheha ya mtu ni jina moja. Nililiwaza sana jambo hilo wakati nafua zile shuka. Sisi fukuto letu pia huingia moyoni, lakini likiingia ni hasira au ni huzuni. Aibu yetu haina joto. Kwetu mtu uso humshuka, kwao unawaka.

Madam alipoamka akauliza kwa nini godoro liko roshani. Nikamwambia, "Nimemwaga maji, madam. Samahani." Aliniambia niwe mwangalifu. Bibi alikuwa anasikiliza. Tangu siku hiyo hakukubali kula kama si mimi niliyemlisha, na usingizi wa mchana hakuupata mpaka nimekaa pale karibu na miguu yake.

Sikufanya jambo kubwa. Nilimsitiri. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu aliye chini ya mkono wako hafedheheshwi mbele ya watu. Unamfunika kwanza, watu waondoke, kisha mnafunga mlango na mnaambizana ukweli. Naye akishatulia, huenda mwenyewe kwa aliyemkosea akasema, ni mimi. Mama yangu alinifanyia hivyo nilipovunja birika la jirani, nami kesho yake nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe kusema. Sikujua kwamba kuna watu wa damu yangu waliokipokea kipande cha kwanza tu cha malezi hayo.

Fairuz alikuja mwezi wa sita mwaka jana. Ana miaka ishirini na tatu, mzuri wa sura, mwepesi wa maneno, hata Kihispania alikiokota upesi kuliko mimi. Mahfudh alinipigia simu akilia kwamba binti hana kazi na mume aliyemwoa amemwacha. Nikamwomba madam. Madam akakubali awe msaidizi wangu, akakubali na kuwa kafeel wake, yaani mdhamini wake kwa serikali, na makaratasi yakaanza kushughulikiwa. Mpaka yakamilike, madam alikuwa na uwezo wa kusema siku yoyote, khalas, imetosha, arudi kwao.

Bibi hakumpenda sana. "Huyu anatembea kama nyumba inamchelewesha," aliniambia. Nikamtetea. Nilisema ni ujana.

Kuhusu udi, kila mtu nyumbani alijua kwamba mimi ndiye mwenye chetezo. Kipindi cha unyevu nguo kabatini hushika harufu ya ukungu, nami nilikuwa nafukiza shali za Bibi kila Ijumaa. Lakini nilifukiza roshani, mlango umefungwa nyuma yangu, hata kama jua linanikaanga. Erisa, mlinzi wa jengo, Mganda, alikuwa amenionya mwaka wa kwanza.

"Mama Mombasa, hiyo moshi yako ikigusa kale kadude ka juu ya dari, jengo yote inalia. Lifti inasimama. Halafu wewe ndiyo utabeba watu kwa mgongo?"

"Nitakubeba wewe kwanza, Erisa."

"Mimi? Kilo tisini hii? Utaniangusha ghorofa ya tatu, nife bila pasi ya kurudi Jinja."

Fairuz nilimpa onyo hilohilo siku aliyofika. Nilimwonyesha kidude chenyewe kwa kidole.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nane, saa sita za mchana. Fairuz alikuwa na ruhusa ya kwenda kwenye hina ya rafiki yake Al Muraqqabat. Mimi nilikuwa chumbani kwa Bibi namkata kucha za miguu. Roshani kulikuwa na joto kali, na Fairuz hakutaka poda yake iyeyuke. Akachukua chetezo changu, akaingia chumba cha kufulia, akafunga mlango, akainamisha nywele na baibui juu ya moshi.

Kengele ililia kama mwisho wa dunia. Bibi akanishika shingo. Nikatoka mbio, nikakuta mlango wa kufulia uko wazi, moshi umetanda, na Fairuz amesimama na chetezo mkononi, mdomo wazi.

"Shangazi, sikujua, wallahi sikujua!"

"Mwagia maji! Vaa viatu! Twende!"

Lifti ilikuwa imekwisha simama. Nilimpigia Erisa, akapanda ngazi na mwenzake, wakamtia Bibi kwenye kiti cha kulia chakula na kumfunga kwa shuka, wakashuka naye ghorofa nne. Erisa alikuwa anahema na bado anamtania, "Mama mkubwa, leo wewe ni kwini." Bibi hakuelewa, lakini alitabasamu. Nilimshika mkono njia nzima.

Nje hapakuwa na pa kumweka. Watu wa jengo zima walikuwa wamejazana kwenye kipande cha kivuli upana wa meza. Zimamoto walifika upesi, lakini walipaswa kukagua ghorofa kwa ghorofa kabla ya kuruhusu mtu arudi. Tulikaa saa moja na zaidi. Hewa haikutikisika. Nguo zililowa kama tumetoka kuogelea. Nilimpepea Bibi kwa kandambili, nikamlowesha kitambaa, nikaomba maji kwa kila mtu. Mwanzo alikuwa anasema neno lake, bochorno, bochorno, kama anayehesabu. Baadaye akaacha kusema. Macho yake yakawa yananipita. Nikamwambia Erisa aite gari la wagonjwa.

Gari na madam vilifika pamoja. Madam alimwona mama yake anawekewa mashine ya hewa, akageuka. Nyuma yake walisimama majirani wote, wengine na watoto mikononi, wengine na vitambaa vya kuogea vichwani, na bwana mmoja wa zimamoto ameshika chetezo changu kama ushahidi.

"Nani amewasha hiki?"

Nikamtazama Fairuz. Fairuz akanitazama mimi. Nikaona akilini makaratasi yake yako mezani kwa madam bado hayajakwisha. Nikamwona Mahfudh akimpokea uwanja wa ndege na sanduku lilelile.

"Ni mimi, madam," nikasema.

Niliyasema kwa akili zangu timamu. Nilihesabu kwamba madam atakasirika siku mbili, Bibi atarudi, Fairuz viza yake itagongwa, kisha atakwenda mwenyewe kusema. Sikuhesabu vingine.

Madam hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema polepole, kwa Kiingereza, ili kila mtu asikie.

"Miaka minne nimekuamini na mama yangu. Umemtoa nje kwenye joto hili kwa sababu ya manukato yako. Mbele ya majirani zangu wote. Qué bochorno." Uso wake ulikuwa umeiva. "Usipande tena juu. Msichana atakuletea vitu vyako."

Msichana aliniletea. Sanduku langu lilishushwa na Fairuz, nywele zake bado zinanukia udi. Akaniambia kwa sauti ya kunong'ona, "Shangazi, Mungu atakulipa. Viza ikitoka tu, nitasema. Nakuapia."

"Na Bibi umwambie leo," nilimwambia. "Leo hii. Mwambie Rumaisa hajaondoka kwa kupenda."

"Nitamwambia."

Madam alinifutia viza kwa utaratibu, hakunizuia kutafuta kazi nyingine. Shamira, Mganda mwenzake Erisa, alinipa kitanda mtaa wa International City, chumba cha wanawake sita, na baadaye nikapata usafi katika hoteli ndogo Al Muraqqabat. Naondoka na basi, nashika metro, napanguza vyumba kumi na sita, narudi. Hayo si malalamiko yangu. Kazi ni kazi.

Nilichokitaka kilikuwa kimoja: Bibi ajue. Alitoka hospitali baada ya wiki mbili, hana nguvu, na aliyekaa karibu na miguu yake sasa ni Fairuz. Erisa alinipigia.

"Mama, mzee anauliza wewe kila siku. Akishuka hapa chini anafanya hivi na mkono, kama anapepea mtu, halafu ananiangalia."

"Fairuz amemwambia nini?"

"Ile dada anasema alimwambia wewe umepata kazi ya pesa mingi, umeenda. Kwamba hukutaka hata kuaga. Madam naye hataki jina yako itajwe mbele ya mzee. Mimi nilijaribu kumwambia mzee si hivyo, lakini Kihispania mimi sina. Nikasema 'no, no,' akadhani nakataa kumsukuma kiti."

Nilikaa chini pale pale, ukumbini mwa hoteli, na ndoo yangu.

Viza ya Fairuz ilitoka mwezi wa tisa. Nikangoja. Mwezi wa kumi nikamkuta dukani Al Muraqqabat, ananunua mafuta ya nywele. Aliponiona aliangalia mlango kwanza.

"Shikamoo shangazi."

"Umesema?"

"Shangazi, mambo yametulia sasa. Madam hata haulizi tena."

"Sikukuuliza madam anauliza nini. Nimekuuliza umesema?"

"Nikisema atanifukuza na mimi! Sasa sote wawili tukae International City tukitazamana? Faida yake nini?"

"Na Bibi? Kwa nini umemwambia nimemkimbia?"

"Alikuwa analia kila saa, 'Rumaisa, Rumaisa.' Hakuwa anakula. Nilitaka aache kukungoja." Halafu akainua kidevu. "Na kwani nilikutuma? Si ulisema mwenyewe, 'Ni mimi'? Mbele ya watu wote. Mimi sikufungua mdomo."

Kweli. Hakuufungua.

Nilimpigia madam mwenyewe. Alipokea kwa sababu hakuijua namba. Nikamweleza kila kitu, udi, chumba cha kufulia, hina. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Rumaisa, siku ile uliniambia ni wewe. Leo unaniambia ni msichana ambaye ni damu yako. Siku gani ulidanganya?"

"Siku ile, madam."

"Basi wewe ni mtu wa kudanganya kuhusu mama yangu. Yalla, kwaheri."

Nikampigia Mahfudh. Kaka yangu aliyekuwa analia kwenye simu mwezi wa sita, sasa alikuwa na sauti ya mwenye duka. Fairuz alikwisha mweleza kwamba nimemwonea wivu kwa kuchukua nafasi yangu. "Mtoto anasaidia nyumba huku," akasema. "Wewe mtu mzima, unataka kumharibia?" Kuze nzima inajua sasa kwamba Rumaisa alikaribia kumuua bibi wa watu kwa ushamba wa udi.

Mwezi wa kumi na moja, hewa ilipopoa, nilikwenda Al Garhoud siku yangu ya mapumziko. Walinzi walikuwa wameambiwa nisiingie, nikasimama upande wa pili wa barabara. Saa kumi alasiri Fairuz alimtoa Bibi kupunga upepo. Alikuwa amekonda, shali imewekwa begani kombo. Nikavuka. Sikupiga kelele, nilimwita tu, "Bibi."

Aliinua macho, akanijua. Nilimwona akinijua. Mkono wake wa kushoto ukaondoka mapajani, nikadhani ananipa. Ukaenda shavuni pake mwenyewe, kama asubuhi ile ya shuka, ukakaa hapo, na uso akaugeuzia ukutani. Fairuz alikwisha zungusha kiti. Nikasema Kihispania chote nilichokuwa nacho, maneno ya chakula na dawa na maji, maana mengine yote tulizoea kuyasema kwa vidole na macho, na katika hayo halikuwemo hata moja la kusema sikukuacha. Mlango wa kioo ukajifunga.

Bibi Eulalia alifariki mwezi wa kumi na mbili, siku ya Jumatatu. Mwili ulisafirishwa Veracruz Jumatano. Mimi niliambiwa na Erisa Jumapili, kwa sababu alikuwa likizo na waliobaki zamu hawakuwa na namba yangu. Sikumwosha, sikumwona, sikujua hata alifunikwa nini. Nilichukua siku moja ya ruhusa kazini, msimamizi akaniuliza nani amekufa. Nikashindwa kumtaja kwa jina la undugu lolote. Nikasema, mtu wangu.

Bibi hawezi tena kuambiwa. Deni hilo halina wa kulilipa na nimeacha kulidai. Lakini madam yuko hai, yuko Al Garhoud, ghorofa ya nne, na anaamini kwamba mama yake alilelewa miaka minne na mwanamke aliyekaribia kumuua kwa manukato yake. Mimi hawezi kuniamini, na kwa hilo simlaumu. Mtu mmoja tu duniani anaweza kumwondolea imani hiyo. Namdai Fairuz binti Mahfudh asimame mbele ya Madam Maribel, kwa kinywa chake mwenyewe, aseme mambo mawili: kwamba udi aliuchoma yeye, na kwamba Bibi alidanganywa kuhusu mimi. Kisha apige simu Kuze ayaseme tena kwa baba yake. Mpaka ninapoandika hajasema hata moja.